Mgeni Kifuani mwa Sostenes

Nyarugusu, Geita
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Melania,

Shikamoo dada. Najua huko wote wanakuita Sista, hata maaskofu, lakini mimi uliyenibeba mgongoni nikakukojolea kitenge siwezi kuanza na usista. Unaendeleaje na afya? Ile malaria ya Nampula imekuachia? Na wale wasichana unaowafundisha cherehani bado wanakucheka Kireno chako? Waambie kaka yako, yaani mdogo wako, anasema ungewasikia wao wakiongea Kisukuma ndiyo mngecheka vizuri.

Sisi huku mhola, tunapumua. Vumilia mke wangu ni mzima, watoto wazima, kasoro yule mdogo amejinyoa nyusi kwa wembe wangu, nikimuuliza anasema ni panya. Sasa anatembea na uso kama yai, na mwalimu wake ameniita shuleni nikaeleze.

Biashara inakwenda. Bado nauza mabuti, tochi za kichwani na soda baridi kwa wachimbaji pale maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Mtu akitoka chini ya shimo, mweupe kwa vumbi kama amekaangwa na unga, ukimpa soda ya baridi anakuita mheshimiwa. Nimeongeza na karanga. Vumilia anasema karanga nazila mimi, na kwa kweli mteja mkubwa ni mimi.

Barua hii anakuletea Padri Herman wa parokia ya mama, anayekuja huko kwenye mkutano wenu. Nilimpa na kifurushi cha michembe, vile viazi vikavu vya mama, akashika kichwa akasema begi limejaa, mwisho akakipokea. Kikifika kimepungua usiniulize mimi.

Sasa dada, kaa chini. Ni habari ya Sostenes. Kwanza nakuambia yuko hai, anakula, jana nimeongea naye kwa simu. Nimelitanguliza hilo ili usiruke mistari, maana nakujua. Lakini yaliyotokea tangu Juni mpaka leo yamenitoa jasho ambalo sikujua ninalo.

Unakumbuka mdogo wetu aliporudi kutoka India na moyo wa mtu mwingine kifuani, sasa ni miaka miwili na nusu. Wewe ulishaondoka, kwa hiyo hukuwahi kumsindikiza kliniki huko Dar. Mimi ndiye mpambe wake, maana mkewe Wema hawezi kuacha watoto. Kila kliniki kubwa walikuwa wanampitishia waya kwenye mshipa wa shingo, unashuka mpaka ndani ya moyo, unang'ata kipande cha nyama kidogo kama kichwa cha kiberiti, wanakwenda kukitazama kwa darubini kujua kama mwili umeanza kuukataa ule moyo. Sostenes anauogopa waya ule kuliko alivyoogopa upasuaji wenyewe. Wiki nzima kabla ya safari anashona nguo za watu kombo. Kuna mzee pale Mhunze ana suruali mguu mmoja ni kaptula, na kisa ni waya.

Safari hii Daktari Bhoke, ndiye anayemtunza, akasema tuanze na picha. Kuna mashine ya sumaku, mtu analazwa ndani yake, hachomwi kisu wala hapitishwi waya shingoni, ni sindano ya mkono tu ya dawa ya kung'arisha picha, na moyo wote unaonekana. Akaeleza kwamba ule waya unang'ata sehemu mbili tatu tu, na inawezekana ukang'ata pazima ukaacha pabovu. Nikamwambia daktari, hapo umenikuta kazini kwangu. Mtu anavunja jiwe moja ukutani, analisaga, analiosha kwenye karai, hakuna kitu, analaani shimo na kuondoka, kumbe dhahabu ilikuwa hatua mbili pembeni. Akacheka, akasema ndiyo hivyo hivyo. Lakini akatuonya kwamba picha ikionyesha kitu kibaya, waya bado utapita ili kuhakikisha. Sostenes hilo la pili hakulisikia. Alishaanza kutabasamu.

Basi tukapelekwa kwenye chumba cha ile mashine. Fundi wake ni mama mmoja mkavu, hana mzaha hata wa kukopa. Akasema sumaku ile haizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo hakiingii chuma. Mkanda, funguo, simu, sarafu, vyote nje. Akauliza kama ana risasi mwilini, kama ana jino la chuma. Nikamwambia tuna moyo wa India tu. Hakucheka. Nikamuuliza kwa adabu zile nyaya walizomfungia mfupa wa kifua baada ya upasuaji, hazitavutwa? Akasema zile hazina neno, zinajulikana, zimeandikwa kwenye faili lake.

Halafu akaona mkono wa Sostenes. Alikuwa na bangili ya chuma, nyeusi, ile ya kienyeji unayoijua. Akamwambia vua. Sostenes akasema haivuliki. Akaambiwa basi na picha haipigwi. Mdogo wetu akasimama pale na lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, ameshika mkono wake kama mtu anayetaka kunyang'anywa mtoto. Mwisho yule mama akaleta sabuni na maji, akamshika, akaisokota mpaka ikatoka na ngozi kidogo. Sostenes akanitazama, akasema polepole, "Kaka, mama asijue kwamba imevuliwa."

Mimi nilijua ile bangili imetoka wapi. Endelea kusoma, nitakueleza.

Alikaa mle karibu saa nzima. Mashine inagonga kama karasha inayosaga mawe, mpaka nje unasikia, na sauti inamwambia vuta pumzi, toa, shikilia. Na mimi huku nje nilikuwa navuta, natoa, nashikilia. Mama mmoja kwenye benchi akaniuliza kama na mimi nina pumu.

Baadaye Daktari Bhoke akatuita ofisini, akageuza kioo cha kompyuta. Dada, nikauona moyo wa ndugu yangu unacheza. Si mchoro, si hesabu za karatasi, ni wenyewe, unajikunja na kujikunjua, damu inaingia na kutoka. Nimeona watu wakitolewa wazima kwenye shimo lililobomoka, nimeona mengi, lakini mwili wangu haujawahi kufa ganzi kama pale. Nikasema moyoni, huyu mtu hatujui hata jina lake, naye anafanya kazi kwa ndugu yangu siku zote hizi bila likizo.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kufikiria chipsi. Daktari akaleta picha nyingine ya moyo uleule, imepakwa rangi. Upande mmoja rangi ilikuwa tofauti. Akaweka kalamu pale, akasema, "Hapa moyo umevimba. Mwili umeanza kuukataa."

Sostenes akasema haiwezekani. Akasema anatembea kutoka nyumbani mpaka sokoni na cherehani kichwani, hachoki sana, haumwi, kifua hakibani, analala vizuri. Akasema kwa sauti ya mtu anayesingiziwa wizi.

Daktari akamjibu taratibu. "Huo moyo ulikatwa mishipa ya fahamu ulipohamishwa. Hata ukiungua, hautakuambia."

Hapo ndipo nilipokaa chini, na kiti kilikuwa mbali kidogo, nikakaa sakafuni. Dada, sisi wote tulikuwa tunamuuliza unaumwa, anasema siumwi, tunashukuru Mungu. Kumbe tulikuwa tunamuuliza mtu aliyekatwa ulimi.

Wakapima na damu. Ile dawa anayomeza kila siku saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, inayotuliza mwili usiukatae moyo, ilikuwa imeshuka sana, kama vile hamezi. Na anameza dada, namjua, ana saa ya mkononi inayolia, hata kanisani inalia, mpaka katekista anaitazama kwa jicho la pembeni. Daktari akauliza kuna kitu kingine unakunywa? Sostenes akasema hapana. Na mimi kliniki ya Mei niliulizwa swali hilo hilo kuhusu dawa za miti shamba, nikajibu kwa kuchekesha, nikasema daktari, mizizi anayokula huyu ni mihogo tu. Chumba kizima kilicheka. Nilijiona fundi.

Daktari Bhoke akaweka kalamu chini. Akasema, "Ile bangili nimeambiwa imevuliwa kwa sabuni. Mimi ni wa Tarime, kwetu nako zipo. Haiji peke yake. Ilikuja na nini?"

Sostenes akatazama ukuta. Nikaona anataka kufa na siri yake pale mbele ya daktari mwenye picha mezani. Basi nikasema mimi.

Sasa dada, hili wewe hulijui, na tulilificha makusudi kwa sababu ya hilo vazi lako. Mwezi wa pili Sostenes aliota mwanamke anamwita kwa lugha asiyoijua. Akaota mara tatu. Akamsimulia mama kama mzaha, lakini mama hakulala. Akasema ule moyo ni mgeni, umeingia kwenye nyumba bila kutambulishwa, baba na babu hawaujui, ndiyo maana haujatulia na unaitwa kwao. Akaenda kwa yule bibi mganga wa upande wa Mwadui. Wakatengeneza pombe, wakachinja kuku mweupe, wakamtambulisha mgeni kwenye kaburi la baba. Mama aliongea naye dada, namaanisha na moyo. Aliweka mkono kifuani kwa Sostenes akasema karibu, hapa ni kwako, hawa ni watu wako, usiondoke. Hata mimi nililia, na mimi huwa silii hata nikiwa na njaa.

Ndipo akavishwa bangili, na akapewa mizizi ya kuchemsha, kikombe kimoja kila asubuhi, ili mgeni akae. Na aliyekuwa anabeba mizizi kutoka kwa bibi kila niendapo Shinyanga kuchukua bidhaa, ni mimi Januari mdogo wako, kwa pikipiki yangu, ndani ya boksi la mabuti.

Daktari hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Akasema hajui mzizi ule ni wa mti gani, lakini ipo miti mingi inayolifanya ini lifagie vidonge kabla havijafanya kazi. Akatafuta mfano akasema, kwenu si kuna sungusungu? Mwili ndivyo ulivyo, ukikuta mgeni kijijini unapuliza filimbi na kumpiga. Vidonge ndivyo vinavyomwambia sungusungu tulia, huyu ni wetu. Sasa ninyi mmefukuza vidonge, na filimbi imelia.

Fikiria dada. Kikombe cha kumkaribisha ndicho kilichokuwa kinamwitia watu wa kumpiga.

Kesho yake waya ulipita shingoni, ukang'ata pale picha ilipoonyesha, na majibu yakawa yaleyale. Siku tatu wakamtundikia dripu ya dawa kali. Uso wake ukavimba akawa kama mimi siku za Krismasi. Nilipokaa naye nikamuuliza, wewe ulijua dawa za miti zimekatazwa? Akasema alijua, aliambiwa tangu India. Nikamwambia sasa kwa nini. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema, "Mama alitoa ng'ombe wote wa baba ili mimi nipumue. Ningeanzaje kukataa kikombe chake?"

Akanisihi nisimwambie mama. Nikasema sawa, nikatoka, nikapanda basi mpaka Shinyanga, nikaunganisha Mhunze kwenda kumwambia. Kwa sababu nisipomwambia atachemsha tena, na huyu mjinga atakunywa tena.

Nilimkuta mama uani anakata viazi vya michembe. Nilianza na vichekesho vyangu kama kawaida, akaniambia Januari, umekuja bila mzigo na bila simu, sema. Nikasema. Nilisema yote, na la mizizi, na la pikipiki, na la mihogo. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. Akauliza neno moja tu, "Mimi?"

Nikasema mayu, sisi wote.

Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa namfukuza?"

Akainuka, akachukua kile chungu cha kuchemshia, akamwaga mizizi nyuma ya zizi, akachimba kwa jembe akaifukia na chungu chenyewe. Aliporudi akakaa palepale, akasema kuna mwanamke huko India alizika mtoto wake hana moyo ndani, akatuachia sisi tumtunzie. Akasema, yule nitamwambia nini?

Jumanne iliyopita tumerudi Dar kwa picha ya pili. Safari hii sikuchekesha mtu. Sostenes alikwenda bila bangili, akaingia, karasha ikagonga, nikavuta nikatoa nikashikilia. Daktari akatuonyesha picha mbili pamoja, ya Juni na ya sasa. Uvimbe umeshuka karibu wote. Kimebaki kikovu, kidogo kama ukucha wa mtoto, na hicho akasema hakitaondoka, lakini moyo unasukuma vizuri. Dawa kwenye damu imepanda ilipotakiwa. Waya hakupitishiwa. Baada ya miezi mitatu picha tena. Nikamwomba daktari anionyeshe tena ukicheza, akanionyesha, nikausalimia. Sostenes aliona aibu.

Kwa hiyo ungesema tumshukuru Mungu barua iishe. Haijaisha dada, na sababu ya kuandika ni hii.

Mimi nimeshasamehewa. Sostenes alinitukana siku mbili kwa kumwambia mama, ya tatu akaniomba vocha. Watu wamezoea kunisamehe mimi, ni kama ushuru. Lakini mama amekataa kusamehewa. Tangu siku ile hagusi kitu kinachoingia mdomoni mwa Sostenes. Hampikii. Hamtekei maji. Sostenes akimwomba chumvi, anasema mwambie Wema akuletee. Wema ndiye anayepika, na mama anakaa kule karibu na zizi mpaka watu wamalize kula, kama mkoma wa kwenye Biblia. Kanisani anakwenda lakini kwenye komunyo anabaki kwenye benchi. Padri Herman amemfuata mara mbili, anamwitikia "ndiyo baba" na habadiliki. Nimemchekesha kwa wiki saba, nimemwigizia mpaka yule mzee wa suruali ya mguu mmoja, hata meno sijayaona.

Na Sostenes hali vizuri. Anaugeuza geuza ugali. Wema anapika vizuri sana, mimi shahidi, lakini yeye anatazama kule zizini. Daktari alisema apunguze mawazo, sasa mawazo yenyewe yamekaa uani yamejifunga kanga.

Alhamisi nilipokuwa naondoka mama aliniita pembeni. Akaniuliza Melania anajua? Nikasema hajui. Akasema, "Yeye ni mtu wa Mungu. Akijua, ataniambia kama nilimkosea Mungu au nilimkosea mtoto."

Basi sasa umejua. Mwandikie dada. Padri Herman anarudi baada ya wiki mbili, mpe barua hukohuko. Iandike kwa Kisukuma, Wema atamsomea. Na nakuomba usimwandikie kama Sista, ya kanisa ameshayasikia yote na yanapita juu ya kichwa. Usimpe sala za siku tisa wala nini. Mwandikie kama binti yake wa kwanza, mwambie ainuke pale zizini, aingie jikoni, ampikie mtoto wake ugali. Ugali na maji, basi, daktari hajakataza mkono wake.

Nisalimie masista wote wa hapo, hasa yule mzee aliyenitumia rozari mwaka juzi, mwambie naivaa nikiendesha pikipiki na sijaanguka ila mara mbili. Vumilia anakusalimu sana, Wema anakusalimu, dada Dorah wa Kahama alisema nisisahau kuandika jina lake, basi hili hapa. Sostenes anakusalimu, ameniambia nikuandikie kwamba gauni uliloagiza limekwisha na mikono yote miwili iko sawa. Mama anakusalimu bila kusema.

Mungu akufunike huko uliko, akulinde na mbu wa Nampula na akurudishe tukuone na sisi. Wabeja, asante sana dada.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na safari hii simwambii mtu uongo,

Januari